Mtoto wa Kufadhiliwa: Mume na Mke Waamue Pamoja



Wapendwa mume na mke mnaosoma ukurasa huu, somo letu la leo ni juu ya sadaka ambayo huanza kwa moyo mwema, lakini isipoangaliwa huishia kwa ugomvi chumbani. Ni sadaka ya kumfadhili mtoto maskini: kumlipia karo, kumnunulia sare na viatu, au kutoa kiasi fulani kila mwezi kupitia shirika la Kikristo au parokia.

Wengi wetu tukisikia neno "mfadhili" huwaza Mzungu aliye ng'ambo. Siku hizi sivyo. Wako Wakenya wengi, walimu, wauzaji wa sokoni, madereva na wakulima, ambao wanasomesha mtoto wasiyehusiana naye kwa damu. Hili ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini je, mume na mke wameketi pamoja na kukubaliana? Hapo ndipo penye somo letu.

Yaliyonipata mimi mwenyewe

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili msidhani kwamba nahubiri tu.

Mwaka 2015 mama mmoja mjane wa Jumuiya yetu alinieleza shida ya mwanawe aliyekuwa darasa la saba. Mimi nikiwa katekista sikuweza kumwambia aende kwa amani bila kumpa kitu. Nilianza kumtumia pesa kidogo kidogo kwa simu, mara mia tatu, mara mia tano. Mke wangu sikumwambia. Nilijiambia moyoni kwamba Bwana wetu ametufundisha mkono wa kushoto usijue yale unayofanya mkono wa kuume.

Muhula wa pili binti yetu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za chakula cha mchana. Mama watoto akaniuliza kama nina chochote. Nikamjibu sina. Jioni hiyo hiyo nilikuwa naoga, simu ikalia mezani, naye akaona ujumbe wa yule mjane: "Nimepokea, asante sana, Mungu akubariki kwa wema wako." Ninyi mnaoishi katika ndoa mnaweza kufikiri mwenyewe alisoma nini katika maneno yale. Hakupiga kelele. Aliniwekea chakula, akaenda kulala na watoto, na kwa siku tisa hatukusemezana ila kwa mambo ya lazima.

Nilipokwisha kumweleza ukweli wote, nilitazamia aseme, "Kumbe ulikuwa unatenda mema." Lakini aliniambia hivi: "Baba watoto, kama ungeniambia ni mwanamke mwingine ningelia na kumaliza. Lakini wewe ulimnyima mwanao, ukanidanganya mimi, halafu ukaenda kanisani kufundisha watu." Sikuwa na jibu.

Tulikwenda kwa mzee wa Jumuiya na mkewe, wale waliosimamia ndoa yetu. Yule mzee aliniuliza swali moja tu: "Sadaka uliyoitoa ilikuwa ya nani?" Nikasema ilikuwa yangu. Akasema, "La. Nusu ilikuwa ya mkeo, anayeuza sukuma wiki kwenye jua. Umetoa mali ya mtu bila kumwuliza, kisha ukangoja sifa wewe peke yako."

Neno la Mungu linatufundisha nini?

Tukifungua Kitabu cha Tobiti sura ya pili, tunakuta mume na mke waliogombana kwa jambo linalofanana na hili. Tobiti alikuwa mtu wa sadaka sana. Aliwalisha wenye njaa, akawazika maiti waliotupwa. Kisha akapofuka, na mkewe Ana akawa ndiye anayefanya kazi ya kufuma ili wapate chakula. Siku moja waajiri wake wakampa Ana mbuzi mdogo juu ya mshahara wake. Tobiti aliposikia mbuzi akilia nyumbani hakuamini maneno ya mkewe. Akadhani ameiba, akamwamuru amrudishe. Ndipo Ana akamwuliza ziko wapi sadaka zake na haki yake.

Tazameni jambo hili vizuri. Mtu aliyewahurumia maskini wa mji mzima alishindwa kumwamini mke wake mwenyewe kwa ajili ya mbuzi mmoja. Maandiko hayakulificha jambo hilo, maana Mungu alijua sisi pia tutahitaji kulisoma.

Na je, yale maneno ya mkono wa kushoto na wa kuume (Mathayo 6:3)? Hapo Bwana alikuwa akiwaonya wale wanaotoa sadaka ili wasifiwe na watu barabarani. Hakuwa akimfundisha mume kumficha mke, wala mke kumficha mume. Ninyi wawili ni mwili mmoja. Ikiwa mwili ni mmoja, sadaka pia itoke katika mwili huo mmoja. Wafichwe majirani, wafichwe wanakwaya, lakini mwenzako wa ndoa asifichwe.

Ufadhili huu ulianzia wapi?

Inafaa tujue kwamba jambo hili si geni katika Kanisa. Mwaka 1843 Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, nchini Ufaransa, alianzisha Utoto Mtakatifu. Aliwaomba watoto wa Ufaransa wasali kila siku na kutoa sarafu ndogo kila mwezi kwa ajili ya watoto wenye shida katika nchi za mbali, hasa Uchina. Mwaka 1922 Papa Pius XI alilipa shirika hilo cheo cha kuwa la Kipapa. Ni Utoto Mtakatifu ule ule ambao watoto wetu wanauona parokiani hata leo.

Baadaye yakaja mashirika ya kumfadhili mtoto mmoja mmoja. ChildFund lilianza mwaka 1938 kwa ajili ya watoto wa vita vya Uchina. World Vision lilianzishwa na Bob Pierce mwaka 1950. Compassion lilianzishwa na mhubiri Everett Swanson mwaka 1952 kwa ajili ya yatima wa vita vya Korea. Haya yalianzishwa na ndugu zetu Waprotestanti. Mwaka 1981 Wakatoliki walei wa huko Kansas, Marekani, walianzisha shirika ambalo leo linaitwa Unbound, na ambalo hufadhili watoto na hata wazee. Mashirika haya yote yamefanya kazi hapa Kenya.

Je, ufadhili unasaidia kweli, au ni picha tu ya kutundika ukutani? Mwaka 2013 wachunguzi watatu, Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu zaidi ya 10,000 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo. Waliwalinganisha waliofadhiliwa utotoni kupitia Compassion na wale ambao hawakufadhiliwa. Waliona kwamba waliofadhiliwa walisoma mwaka mmoja hadi karibu mwaka mmoja na nusu zaidi, na wengi wao zaidi walimaliza sekondari. Basi shilingi zenu hazipotei bure, zikipita mahali panapofaa.

Fundisho la Bob Pierce

Kuna jambo moja katika maisha ya huyo Bob Pierce ambalo kila mume na mke wanapaswa kulitafakari. Alizunguka dunia kwa miaka mingi akiwatafutia msaada watoto wa wengine, na kila mwaka alikuwa mbali na nyumbani kwa miezi mingi. Matunda ya kazi yake ni makubwa. Lakini nyumbani kwake mambo yaliharibika. Mwaka 1968 binti yake mmoja alijitoa uhai, na yeye na mkewe waliishi mbalimbali kwa miaka. Alipatana na jamaa yake mwaka 1978, siku chache tu kabla ya kufariki.

Siandiki haya ili tumhukumu marehemu. Mungu ndiye ajuaye moyo wake. Nayaandika kwa sababu huruma kwa walio mbali haiwezi kuwa kisingizio cha kuwaacha walio karibu. Mtume Paulo alimwandikia Timoteo kwa ukali juu ya mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake (1 Timoteo 5:8).

Lakini tahadhari! Wako wengine wanaoligeuza neno hilo kuwa ngao ya uchoyo. Husema, "Mimi bado nina watoto wangu," na huku kila jumamosi wanakunywa karo ya mtoto mzima. Mjane wa Sarepta alikuwa na unga wa kiganja kimoja, tena na mwana wake wa kulisha, lakini alimpikia nabii Elia mkate. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Hatua tano za kufuata

1. Andikeni kwanza mapato na matumizi. Chukueni daftari. Mume aandike anachopata, mke naye aandike anachopata, bila kufichana. Ondoeni chakula, kodi, karo ya watoto wenu, matibabu, na wazazi wenu waliozeeka. Kinachobaki ndicho mnachoweza kuzungumzia. Sisi tulipofanya hivyo tuliona kwamba tunaweza kutoa mia tano kwa mwezi bila mtoto wetu kurudishwa nyumbani. Si nyingi, lakini haba na haba hujaza kibaba.

2. Pitisheni msaada mahali penye macho mengi. Mimi nilimtumia mjane pesa mkononi, na hilo peke yake lilikuwa kosa, hata kama nia ilikuwa safi. Lilimweka yeye katika hatari ya kusengenywa, na mimi vilevile. Baadaye tuliipitisha kwa kamati ya parokia, nao wakalipa shuleni na kuleta risiti. Mkijiunga na shirika, ulizeni: Je, pesa zinakwenda kwa mtoto huyu na jamaa yake, au zinawekwa pamoja kwa ajili ya maji, zahanati na shule ya kijiji kizima? Njia zote mbili ni halali, lakini msiahidiwe hii mkapewa ile. Ulizeni pia kama shirika limeandikishwa na serikali, na kama hutoa hesabu.

3. Chagueni njia inayomwacha mtoto kwao. Umaskini peke yake si sababu ya kumtoa mtoto kwa mama yake na kumpeleka kituoni. Mwaka 2022 serikali yetu ilitoa mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kutoka vituoni waishi katika familia. Basi msaada unaomwezesha mama kumlea mwanawe ni bora kuliko kitanda katika nyumba ya mayatima.

4. Lindeni heshima ya mtoto na wazazi wake. Hapa nasema kwa kuwa niliyaonja. Nilipokuwa mdogo nilifadhiliwa na bwana na bibi mmoja wa ng'ambo. Walikuwa watu wema, na bila wao nisingeona sekondari. Siku moja nilikuwa nikiwaandikia barua, nikaanza, "Wazazi wangu wapendwa." Baba yangu, aliyekuwa kibarua katika shamba la kahawa, aliisoma juu ya bega langu, akauliza taratibu, "Na mimi ni nani?" Kisha akatoka nje. Hakunikemea, lakini sijasahau mgongo wake ukipita mlangoni. Basi ninyi mkimfadhili mtoto, msijiite wazazi wake. Anao wake. Msitangaze jina lake kanisani, wala msisambaze picha yake akiwa na nguo zilizochanika. Msimtembelee kwa ghafla wala kumpeleka mahali bila mzazi wake na wahusika kujua. Hata mashirika yenyewe yamejifunza. Mwaka 2019 World Vision lilianzisha utaratibu ambao mtoto ndiye anayetazama picha za wafadhili na kuchagua mmoja, badala ya mfadhili kuchagua mtoto kama mtu anayechagua kuku sokoni.

5. Msianze msichoweza kuendelea nacho. Kumwacha mtoto katikati ya masomo ni kumvunja moyo mara mbili. Kama hamna hakika ya kufika mwisho wa masomo yake, semeni mapema, "Tutasaidia mwaka huu." Na ikitokea ugonjwa au kupoteza kazi, msijifiche na kuzima simu. Mwambieni mzazi wake au kamati, ili mwingine atafutwe.

Na watoto wenu je?

Msiwafiche. Watoto wakigundua wenyewe kwamba pesa za viatu vyao zilikwenda kwa mtoto mwingine watamchukia mtoto huyo, wala hawatajifunza upendo. Wakiitwa mezani na kuelezwa, mara nyingi hutushangaza. Binti yetu, yule yule aliyerudishwa nyumbani, ndiye aliyesema, "Kalamu zangu mbili zinatosha, moja apewe yeye." Lakini ni juu yetu wazazi kuhakikisha kwamba mtoto wetu halipi deni la wema wetu. Wala msimpige mtoto wenu kwa fimbo ya maneno mkisema, "Tazama, fulani ni maskini na anakushinda darasani." Mkisema hivyo mmewaumiza watoto wawili.

Tenda wema nenda zako

Neno la mwisho ni juu ya shukrani. Yule kijana wa mjane alifanya mtihani wa kidato cha nne mwezi Machi mwaka 2021, ule mtihani uliocheleweshwa na ugonjwa wa korona. Alipata D ya kuongeza. Nakiri kwamba nilikasirika. Niliona kama miaka yote na mia tano zote zimetupwa mtoni. Nilitaka kwenda kumwambia maneno.

Mke wangu alinizuia mlangoni. Wakati huo yeye ndiye aliyekuwa akiweka daftari la risiti, yeye ndiye aliyejua saizi ya viatu vya kijana. Aliniambia, "Tulimsomesha, hatukumnunua." Kisha akachukua kitambaa chake, tukaenda pamoja kwa mjane, tukakaa, tukanywa chai, tukauliza kijana anapenda kazi gani. Leo ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mlango wa jikoni yetu ni yeye aliyeutengeneza, na tulimlipa kama tunavyomlipa fundi mwingine yeyote. Mke wangu alisisitiza hivyo.

Wapendwa, mwanzoni nilidhani kwamba nilikuwa nikimsaidia mtoto wa mjane, na ndoa yangu ni jambo lingine. Nimejifunza kwamba yale yalikuwa jambo moja. Nilipotoa peke yangu, nilimpa mtoto wa wengine na kuinyang'anya nyumba yangu. Tulipotoa wawili, pesa zilikuwa zile zile, lakini tulirudi kuongea usiku kama zamani tulipokuwa wachumba.

Maswali ya kuzungumza mume na mke

1. Je, kuna pesa ambazo mmoja wetu huzitoa kwa ndugu, rafiki au maskini bila mwenzake kujua? Ni kwa nini tunafichana: ni kuogopa kukataliwa, au ni kupenda sifa peke yetu?

2. Tukitoa mahitaji ya nyumba yetu, tunabaki na kiasi gani kwa mwezi? Je, tunaweza kutoa hata shilingi mia moja kupitia Jumuiya yetu au Utoto Mtakatifu?

3. Ni mtoto gani katika Jumuiya yetu ambaye hakwenda shule wiki hii? Tunajua sababu?

4. Kama sisi wenyewe tulisaidiwa tulipokuwa wadogo, wazazi wetu waliona nini? Tungependa mtoto tunayemsaidia na wazazi wake watendewe namna gani?

5. Mtoto tunayemsaidia akishindwa mtihani au asiposema asante, tutafanya nini?

Msijibu maswali haya mkiwa mmechoka au mkiwa na hasira. Ngojeni watoto walale, zimeni redio, semeni Baba Yetu pamoja, kisha kila mmoja amsikilize mwenzake mpaka amalize. Kama mmefichana jambo, usiku huo ndio wakati wake. Na mkisha kukubaliana kiasi, kiandikeni, wote wawili mtie sahihi chini yake.

Mungu azibariki nyumba zenu.